Gharama ya Usiku, Faida ya Ofisini: Kwa Nini Uhifadhi wa Wanyamapori Vijijini Hufaulu au Hukwama

Uhifadhi wa wanyamapori ukitajwa, wengi hufikiria lango la hifadhi, askari aliyevaa sare na gari la watalii lililofunguliwa paa. Picha hiyo ni ya kweli, ila inaacha nje sehemu kubwa ya wanyama wenyewe. Nchini Kenya hukadiriwa kuwa karibu theluthi mbili ya wanyamapori huishi nje ya hifadhi za serikali, na Tanzania wapo wanyama wengi wanaolala hifadhini msimu mmoja na kuhamia kwenye ardhi ya vijiji msimu unaofuata.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire inaonyesha jambo hili vizuri. Ilitangazwa mwaka 1970 na ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,850, ilhali eneo ambalo nyumbu, pundamilia na tembo wake hulizunguka kwa mwaka mzima linafikia takriban kilomita za mraba 20,000. Kiangazi kikikaza, wanyama hukusanyika hifadhini kwa sababu Mto Tarangire ndio wenye maji ya uhakika. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka na kwenda kuzalia kwenye mbuga za Simanjiro, ambako nyasi zina madini, hasa fosforasi, anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Mbuga hizo ni ardhi ya vijiji. Njia ya kuelekea Ziwa Manyara, yaani ushoroba wa Kwakuchinja, nayo hupita kati ya makazi ya watu na kukatiza barabara kuu. Kwa hiyo hata kama ndani ya hifadhi hakuna jangili hata mmoja, kundi zima la nyumbu linaweza kupungua kwa sababu ya uamuzi wa kulima uliofanywa kihalali kabisa, na watu wenye haki ya kuufanya, makumi ya kilomita kutoka langoni.

Fundo lenyewe limo ndani ya sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyama wote nchini Tanzania ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Mahindi yaliyoliwa usiku, kwa upande wake, ni ya kaya moja iliyonunua mbegu kwa fedha yake. Mnyama ana mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na hasara ina mwenyewe, na hao watatu ni nadra kukaa meza moja.

Ndiyo maana naona kwamba shughuli yoyote ya uhifadhi inayozihusisha familia na jamii, iwe uzio, semina, klabu ya shule au mradi wa utalii, inafaa kupimwa kwanza kwa swali moja la kihasibu: je, inapunguza gharama, au inapeleka faida, kwa kaya ile ile inayoishi na mnyama? Miradi mingi mizuri hukwama hapo. Gharama hufika usiku, kwenye shamba la mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Faida hufika mara moja kwa mwaka, kwenye akaunti ya kijiji, baada ya kupita katika ofisi kadhaa.

Gharama inavyofika nyumbani

Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku, na mahindi yanayokaribia kukomaa humpa lishe nono kwa jasho dogo. Kundi likiingia ekari moja usiku, asubuhi mkulima hukuta mabua yaliyolala, nusu yakiwa yameliwa na nusu yamekanyagwa tu. Hasara hiyo huonekana na hupimika. Isiyopimika ni ile ya kulinda: baba na vijana wanaokesha kwenye dungu kwa wiki nyingi, mama anayeshinda shambani mchana kufukuza nyani na tumbili, mtoto anayekosa vipindi au kusinzia darasani kwa sababu alikesha akipiga debe. Malaria ya kulala nje na kibarua kilichoachwa havimo katika fomu yoyote ya madai.

Kwa wafugaji hesabu ni nyingine. Mchana ng'ombe ana mchungaji; hatari kubwa huja usiku. Simba akikaribia zizi, harufu yake tu inatosha kuwataharukisha ng'ombe, nao hulisukuma boma la miiba mpaka likaachia, wakatawanyika gizani, ambako simba na fisi huwakuta mmoja mmoja. Asubuhi inayofuata ndiyo hatari zaidi kwa simba wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo vijana huchukua mikuki au mtu akatia sumu kwenye mzoga uliobaki.

Serikali ya Tanzania hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Sheria haikukusudia kulipa thamani yote ya kilichopotea. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa kifo, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kiasi kikipanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Hesabu ilikomea ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani liliachwa nje. Mantiki yake inaeleweka, kwani serikali haitaki kumlipa mtu aliyefuata mlango wa hifadhi na kulima hapo. Lakini kuna vijiji ambavyo mpaka wa hifadhi ndio uliovifuata, na kwa wakazi wake kanuni hiyo ni ngumu kuimeza.

Kenya ilichagua njia tofauti. Sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni tano za Kenya kwa kifo na hadi milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko bajeti, na madai yakarundikana kwa miaka. Kwa mjane anayesubiri, kiasi kidogo kinachochelewa na kiasi kikubwa kisichofika vyote vina matokeo yanayofanana: imani kwa ofisi ya wanyamapori hupungua, na siku tembo mwingine akiuawa hakuna anayetoa taarifa.

Kwa familia iliyopata hasara, jambo la manufaa ni kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku ile ile, kabla nyayo hazijafutika, kupiga picha za nyayo, kinyesi na mabua kwa simu, na kupata mashahidi wawili watatu wa jirani. Ofisa anayekuja wiki mbili baadaye hupima anachokiona, na shamba lililokwisha kulimwa upya halina cha kuonyesha.

Kuipunguza gharama kwenye chanzo

Kwa kuwa malipo huchelewa, kazi yenye tija zaidi ni ile inayozuia hasara isitokee. Hapa ndipo kuna ubunifu mwingi, na sehemu yake kubwa ni kazi ya mikono ya familia.

Uzio wa mizinga ya nyuki ndio unaofahamika zaidi. Mtafiti Lucy King, akifanya kazi nchini Kenya, alianza kwa kuthibitisha jambo ambalo wafugaji na warina asali walikuwa wakilisimulia: tembo huwaogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humuuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga, na tembo anaposikia mvumo wao hutimka huku akitoa mngurumo mzito wa kuwaonya wenzake. Uzio hujengwa kwa nguzo na waya, mizinga ikining'inizwa kila baada ya mita kumi kwa kupokezana, mmoja halisi na unaofuata wa uongo, yaani kibao tu kilichokatwa kwa umbo linalofanana. Ekari moja huhitaji mizinga halisi 12 na ya uongo 12. Yote imeunganishwa na waya mmoja, hivyo tembo akisukuma popote pale, mizinga kadhaa huyumba kwa pamoja na nyuki hutoka.

Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, uzio huu ulifuatiliwa kwa miaka tisa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kuwa katika misimu ya mavuno ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo walioukaribia. Asali ikawa mapato ya pembeni. Utafiti huo huo, hata hivyo, ulieleza jambo ambalo wauzaji wa miradi hawapendi kulitaja: ukame wa mwaka 2017 uliifanya mizinga mingi kuhamwa na nyuki, na ilichukua miaka kadhaa kurudi katika hali yake. Nyuki wanahitaji maua na maji. Mahali pasipo na maua karibu mwaka mzima, uzio hubaki nguzo na vibao, na tembo hachukui muda mrefu kugundua hilo. Teknolojia hii imefika pia kwenye mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambako unyevu ni mwingi zaidi.

Njia ya pilipili ni ya bei nafuu na ya kazi nyingi. Pilipili kali husagwa, huchanganywa na oili chafu ya magari na kupakwa kwenye kamba za katani na vitambaa vinavyozungushwa shambani. Oili husaidia pilipili isisombwe na mvua ya kwanza, lakini mvua ya tatu au ya nne huisomba, na kupaka upya ni kazi ya kudumu. Wengine huchanganya pilipili na kinyesi cha tembo, wakafinyanga matofali na kuyakausha, kisha huyachoma taratibu usiku upande unakotoka upepo. Katika vijiji vya Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, walinzi wa mashamba wamefundishwa kupanda hatua kwa hatua: kwanza tochi kali, halafu honi, halafu kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na mchanga pamoja na fataki ndogo, ambayo hupasuka na kuacha wingu linalowasha. Hatua hizo zina sababu. Tembo akizoea fataki kila usiku atajifunza kuwa fataki haiumi, ndiyo maana silaha kali huwekwa akiba.

Suala hilo la mazoea ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu karibu kila kifaa cha kufukuzia wanyama hufanya kazi vizuri mwezi wa kwanza. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliliona hilo mapema. Alijaribu moto, akakuta unawasaidia simba kuona zizi. Akaweka sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliondoka, usiku wa pili wakaja, wakaona sanamu haijasogea, wakaingia. Kisha aligundua kuwa usiku anaopita na tochi simba hawasogei, kwa kuwa mwanga unaohama ni dalili ya mtu aliye macho. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi kuzunguka boma, taa zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka. Wazo lake lilienea hadi nchi nyingine, na mwaka 2013 alialikwa kulieleza mbele ya hadhira ya kimataifa akiwa bado na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Kinachonivutia zaidi ya tuzo na safari ni njia aliyoipitia: alimtazama mnyama, akajaribu, akashindwa, akatazama tena. Kifaa kilichonunuliwa dukani bila utazamaji huo hudumu mpaka simba wakizoee.

Katika vijiji vya Simanjiro njia iliyoshika ni ya boma lililo hai. Badala ya kukata miiba ya migunga kila baada ya miezi michache, familia hukita matawi manene ya miti ya jamii ya manemane, ambayo huchipua upesi yakikitwa ardhini, na kuyafungia waya wa kusuka. Miti hukua, uzio huzidi kuimarika, na migunga huachwa kukua. Mashambulizi ya usiku ndani ya maboma hayo yalikaribia kukoma kabisa. Familia huchangia sehemu ya gharama na kazi yote ya kukita miti, na nadhani hiyo ni moja ya sababu za maboma hayo kudumu. Mtu aliyechangia hutafuta koleo na waya mwenyewe uzio unapotoboka; aliyepewa bure husubiri mradi urudi.

Kuna kazi mbili nyingine ambazo kaya huzifanya bila kuziita uhifadhi. Ya kwanza ni kuchanja mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowashambulia mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, karibu simba elfu moja. Tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa chanjo ya mbwa peke yake haitoshi kuwakinga simba dhidi ya ugonjwa ule, kwa kuwa virusi vina wabebaji wengine, lakini dhidi ya kichaa cha mbwa faida yake iko wazi kwa mbwa mwitu na kwa mtoto anayecheza uani.

Ya pili ni kuikataa sumu. Mzoga mmoja uliotiwa kiuatilifu kwa hasira ya ng'ombe aliyeliwa huua fisi na simba, kisha tumbusi wanaoshuka kwa makumi kutoka mbali, wasiohusika kabisa na ugomvi huo. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu na huchukua miaka kukomaa, hivyo tukio la asubuhi moja huacha pengo la muda mrefu, na mizoga inayobaki huliwa na mbwa na kuoza karibu na visima. Mchungaji anayepiga simu anapoona mzoga wenye tumbusi waliokufa kando yake amefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi.

Kupeleka faida inakotakiwa

Hata zuio bora huacha gharama fulani, na hapo ndipo hoja ya faida inapoingia. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikubali kwamba vijiji vinavyoishi na wanyama vinapaswa kunufaika nao, na kanuni za mwaka 2002 zikafungua njia ya kuanzisha Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA. Leo ziko zaidi ya 20, zikiwemo Ikona kando ya Serengeti, Burunge kati ya Tarangire na Manyara, Enduimet, na MBOMIPA jirani na Ruaha.

Utaratibu wake, ukisemwa kwa kifupi, ni kwamba mkutano mkuu wa kila kijiji hukubali kutenga sehemu ya ardhi yake, mpango wa matumizi ya ardhi huandaliwa, vijiji huunda jumuiya moja, Waziri huipa mamlaka, na jumuiya huingia mikataba na wawekezaji wa utalii wa picha au wa uwindaji. Kwa kuwa wanyama wamebaki mali ya umma, serikali huchukua sehemu ya mapato. Sehemu ya jumuiya hulipa ofisi na askari wa wanyamapori wa vijiji, kisha kinachobaki hugawiwa vijiji, mara nyingi kwa mafungu sawa. Hapo kijiji hujenga darasa, zahanati au kisima.

Sina ubishi na darasa. Tatizo ni kwamba darasa husomesha watoto wa aliyelala usingizi na wa aliyekesha kwenye dungu kwa usawa, na mafungu sawa hukipa kijiji kilicho mbali na mapito ya tembo kiasi kile kile cha kijiji kinachovamiwa kila wiki. Mkulima wa pembezoni hawezi kuliona darasa kama malipo ya shamba lake. Zaidi ya hapo, ardhi iliyotengwa hailimwi, na mara nyingi malisho yake huwekewa masharti, kwa hiyo kaya zenye mifugo hulipa mara mbili. Na mapato yenyewe hutegemea mgeni afike: utalii uliposimama mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, jumuiya nyingi zilihangaika hata kulipa mishahara ya askari wao.

Mpango wa Terrat, huko Simanjiro, ulijaribu kukwepa baadhi ya matatizo haya kwa mkataba mwepesi zaidi. Kundi la kampuni za utalii lilikubali kukilipa kijiji kila mwaka, nacho kijiji kikaahidi kutoilima mbuga ya mazalia na kuwazuia wachoma mkaa na wawindaji haramu. Malisho ya mifugo yaliendelea. Uzuri wa mpango huo ni kwamba uliomba kitu ambacho wafugaji wenyewe walikitaka, yaani mbuga ibaki mbuga. Wahadza wa Bonde la Yaeda nao walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao ya pamoja, na baadaye mapato ya hewa ya ukaa, yaani malipo ya kuuacha msitu uendelee kuinyonya hewa hiyo, yakafuata kwa kutoukata msitu. Katika mifano yote miwili haki juu ya ardhi ilitangulia na fedha ikafuata; pale mpangilio unapogeuzwa, kwa kawaida wenye nguvu ndio hujipatia ardhi.

Jaribio ninalolipenda zaidi liko kwenye vijiji vya jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mradi wa wanyama wala nyama wa huko uliwapa wanakijiji kamera zinazotegeshwa porini, ambazo hupiga picha zenyewe mnyama anapopita. Kila picha ina alama, na mnyama aliye adimu au mwenye hasara zaidi kwa watu, kama simba au mbwa mwitu, huleta alama nyingi kuliko swala. Alama hujumlishwa kila baada ya muda na kugeuzwa kuwa dawa za mifugo, vifaa vya shule na huduma za afya, na vijiji hushindana. Sasa simba aliyepita kwenye ardhi ya kijiji usiku ana thamani inayohesabika, na dawa ya mifugo inamgusa mwenye ng'ombe moja kwa moja. Mtego wa waya uliotegwa na mtu mmoja unakuwa unawapunguzia alama majirani wote, nao wana sababu ya kuuliza ni wa nani.

Kisiwani Mafia mantiki hiyo imetumika kwa kasa. Anayegundua na kutoa taarifa ya kiota hulipwa, halafu hulipwa tena kulingana na idadi ya vifaranga vilivyoanguliwa, takriban miezi miwili baadaye. Malipo ya pili ndiyo ufunguo, kwa sababu yanamfanya mvuvi akilinde kiota hadi mwisho. Familia zinazoishi ufukweni huongeza kazi isiyo na gharama: kuzima au kukinga taa zinazoangalia pwani, kwa sababu kifaranga hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari, na taa ya baraza humpeleka kwenye mchanga mkavu anakoliwa na kaa.

Pale ambapo hasara si ile inayodhaniwa

Mara nyingine gharama inayolalamikiwa hupungua inapopimwa vizuri. Karibu na msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, wakulima walilalamika kwa miaka kwamba kima punju, ambaye ni wa asili ya kisiwa hicho tu, anamaliza nazi zao. Watafiti waliohesabu minazi na nazi katika miaka ya 1990 walikuta kuwa kima hula vidaka, vingi vikiwa ni vile ambavyo vingepukutika vyenyewe, na kwamba ulaji wao haukupunguza mavuno ya mwisho. Matokeo hayo hayakumaliza manung'uniko, wala yasingeweza, kwa kuwa kima walikuwa wakila pia mazao mengine, na hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 2004 iliwafungia watu misitu waliyokuwa wakikata kuni. Mgao wa viingilio vya watalii kwa vijiji jirani ulisaidia zaidi ya takwimu. Hata hivyo, kuhesabu pamoja na wakulima ni shughuli ya jamii yenye thamani yake, kwani mgogoro ambao pande zote zimekubaliana juu ya ukubwa wake ni rahisi kuujadili. Bundi naye amebebeshwa lawama isiyo na hesabu: huuawa kwa hofu ya uchawi, ilhali kazi yake ya kila usiku ni kula panya wa ghalani.

Watoto wana nafasi katika haya yote. Klabu za wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968, na klabu za Malihai za Tanzania mwaka 1980, na zimelea maofisa wengi wa uhifadhi wa leo. Ila mtoto wa kijiji cha mpakani humjua tembo kama anayekula mahindi, na huenda hajawahi kuingia hifadhini iliyo kilomita chache kutoka kwao, wakati mgeni amesafiri saa kumi kwa ndege kuiona. Safari ya siku moja ya hifadhini, pamoja na kazi ya nyumbani ya kuandika wanyama wanaopita kijijini kwa mwezi mmoja, humfundisha zaidi ya siku ya kupanda miche na kupigwa picha. Na kwa familia za mijini na kwenye vivutio, kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni nyepesi kutamka na ngumu kufuata: usimlishe tumbili wala nyani. Mnyama aliyeonja chapati mkononi mwa mtu atavamia jiko wiki ijayo, na atakayeuawa kwa hilo ni yeye.

Mambo makubwa zaidi huamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kukutana angalau kila baada ya miezi mitatu. Pale ndipo wawakilishi wa kijiji katika jumuiya wanaweza kuulizwa mkataba wa mwekezaji unaisha lini, mapato ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani, na ni kiasi gani kimetengwa kwa kaya zilizovamiwa, iwe kwa waya, kwa mizinga au kwa posho ya walinzi wa mashamba. Sijui kanuni inayokizuia kijiji kutumia sehemu ya mgao wake kwa njia hiyo badala ya kujenga darasa jingine. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa pembezoni kuhudhuria, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: mkutano huitishwa asubuhi, naye alikesha shambani.